Kanuni ya Hisabati na Tafsiri Yake katika Lugha ya Kompyuta

Watu wa lugha wamezoea kulitumia neno tafsiri kwa kazi ya kuhamisha maana kutoka lugha moja ya wanadamu hadi nyingine. Iko tafsiri ya namna nyingine ifanywayo kila siku katika vyuo, maabara na ofisi, nayo ni ile ya kuigeuza kanuni ya hisabati, iliyoandikwa kwa herufi na alama, iwe amri ambazo kompyuta yaweza kuzitekeleza. Aghalabu kazi hiyo hudhaniwa kuwa ni kunakili tu: herufi itwaliwe ilivyo kitabuni, iwekwe katika mashine, na jibu litoke. Dhana hiyo si sahihi. Kanuni ya hisabati huacha mambo mengi bila kutamkwa, kwa sababu iliandikwa kwa ajili ya msomaji aliyekwisha kujua desturi za wenye kuiandika. Kompyuta haina desturi hizo isipokuwa zile ilizopewa, na pengine ilizopewa ni tofauti. Makala haya yanaeleza tafsiri hiyo inavyofanywa na mahali ambapo maana hupotea njiani. Mfano utakaotumika ni kanuni moja tu, nayo inahusu jambo linalowagusa watu wa Kinondoni na Temeke kila masika, yaani mbu wa malaria.

Katika mwaka 2004 ulianzishwa jijini Dar es Salaam mpango wa kupambana na malaria ya mjini. Wakati huo jiji lilikuwa na manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke. Ubungo na Kigamboni zilizaliwa baadaye. Kata kumi na tano zilichaguliwa, tano kutoka kila manispaa. Wakazi wa mitaa hiyo walifundishwa kutafuta madimbwi, mitaro iliyoziba, mashimo ya ujenzi na matuta ya mboga mabondeni, mahali ambapo viluwiluwi vya mbu huishi. Ramani za kazi zilichorwa kwa mkono kwa kufuata mashina ya nyumba kumi kumi, mgawanyo uliofahamika na kila mkazi, kisha zikalinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani. Mwezi wa Machi 2006 dawa ya kuua viluwiluwi, itokanayo na bakteria wa udongoni, ilianza kutiwa katika kata tatu za kwanza: Buguruni katika Ilala, Kurasini katika Temeke, na Mikocheni katika Kinondoni.

Kazi ya namna hiyo huzaa hesabu nyingi. Mbu hunaswa usiku na kuhesabiwa, madimbwi huhesabiwa, na watu hupimwa damu. Lakini hesabu hizo zikiachwa peke yake hazisemi ni kata ipi iliyo katika hatari kubwa zaidi, wala ni jambo gani likibadilishwa litaleta nafuu kubwa. Ili kusema hayo, kanuni inahitajika.

Kanuni zenyewe zina historia ndefu. Ronald Ross, aliyegundua vimelea vya malaria ndani ya mbu huko Secunderabad, nchini India, mwezi wa Agosti 1897, hakutosheka na ugunduzi huo. Kufikia mwaka 1911 alikuwa ameandika milinganyo ya kuonyesha kwamba malaria yaweza kupungua hata kama mbu wote hawakuangamizwa. George Macdonald aliiendeleza fikra hiyo katika miaka ya 1950 na kuikusanya katika kitabu chake cha 1957. Naye C. Garrett-Jones, mwaka 1964, alichukua sehemu ya milinganyo hiyo inayomhusu mbu peke yake, akaifanya kipimo cha uwezo wa mbu wa mahali fulani wa kueneza malaria. Kanuni hiyo huandikwa hivi:

C = ma²pⁿ / −ln p

Maana ya herufi ni kama ifuatavyo. Herufi m ni idadi ya mbu kwa kila mtu. Herufi a ni wastani wa mara ambazo mbu mmoja huuma watu katika siku moja. Herufi p ni uwezekano wa mbu kuishi siku moja zaidi, na n ni idadi ya siku ambazo vimelea huhitaji kukomaa ndani ya mbu. Herufi a imezidishwa kwa nafsi yake kwa sababu mbu hana budi kuuma mara mbili: mara ya kwanza humwuma mgonjwa na kuchukua vimelea, mara ya pili humwuma mtu mwingine na kuviacha. Kipeo pⁿ ni uwezekano kwamba mbu ataishi mpaka vimelea vikomae. Mwisho, 1 ikigawanywa kwa −ln p huonyesha siku ambazo mbu hutazamiwa kuishi baada ya hapo. Kwa jumla, C ni idadi ya mara ambazo watu watakuja kuumwa na mbu wenye vimelea, kwa sababu ya mbu waliomwuma mgonjwa mmoja katika siku moja.

Zitwaliwe tarakimu za mfano tu, ambazo hazikupimwa katika kata yoyote: m ni 5, a ni 0.3, p ni 0.9, na n ni 10. Anayekokotoa kwa makini atapata C kuwa 1.489. Jibu hili lishikwe, kwa maana ndilo litakalotumika kupima kila kosa litakalotajwa.

Fundo la kwanza la tafsiri liko katika herufi mbili za mwanzo, ma. Katika hisabati herufi mbili zikikaa pamoja zinazidishwa, wala alama ya kuzidisha haiandikwi. Katika lugha za kompyuta herufi mbili zilizoshikana ni jina moja, kama vile silabi mbili za neno mama si maneno mawili. Mashine ikikuta ma hutafuta kitu kiitwacho ma, na isipokiona husimama na kulalamika. Hilo ni kosa jema, kwa kuwa linajitangaza. Hatari ipo pale ambapo kitu hicho kinapatikana. Katika utafiti wa mbu, m na a havipimwi daima mbalimbali. Kinachohesabiwa usiku ni mara ambazo mtu mmoja huumwa, nayo ni zao la m na a kwa pamoja, na watafiti huliita zao hilo ma. Basi ikiwa katika daftari la data kuna safu iitwayo ma, na mwandishi wa programu akaandika ma mara a kipeo cha pili, atakuwa ameitia a mara tatu badala ya mbili. Jibu litakuwa 0.447 mahali pa 1.489. Mashine haitalalamika hata kidogo, na kata hiyo itaonekana kuwa na hatari isiyofika theluthi moja ya ile iliyo nayo.

Fundo la pili ni la kujua kipeo kinamilikiwa na nani. Katika ma², je, kilichozidishwa kwa nafsi yake ni a peke yake au ni ma nzima? Mwanahisabati hasiti kusema kuwa ni a peke yake. Lakini anayejibu kuwa ni ma nzima atapata 7.446, yaani mara tano ya jibu la haki. Wachunguzi wa sarufi ya Kiswahili wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Katika kifungu mtoto wa mwalimu mgonjwa, haijulikani aliye mgonjwa ni mtoto au ni mwalimu, kwa kuwa nomino zote mbili ni za ngeli moja. Katika kikombe cha mtoto kizuri hakuna shaka, wala hakuna shaka katika kikombe cha mtoto mzuri. Upatanisho wa ngeli umekwisha kuonyesha kivumishi ni cha nani. Inaweza kusemwa kwamba upatanisho wa Kiswahili hufanya kazi ambayo mabano hufanya katika hisabati. Pale ambapo upatanisho hautoshi, msemaji huongeza maneno; na pale ambapo desturi haitoshi, mwandishi wa programu hana budi kuongeza mabano.

Desturi hiyo ya kutanguliza tendo moja kabla ya jingine hufundishwa mapema. Mtoto wa shule ya msingi, awe Mbagala au Mwananyamala, huifahamu kwa jina la MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Tanzania mwaka 1967, kilihitaji vyombo vyake vya kukumbukia, na hiki ni kimoja kilichofaulu sana. Watu wazima waliosahau mengine yote ya hisabati bado hukitamka. Hata hivyo, anayetaka kuiamrisha kompyuta yampasa kujua mambo matatu ambayo MAGAZIJUTO haiyasemi.

Jambo la kwanza ni kwamba kujumlisha na kutoa vina daraja moja. Mwanafunzi akiishika MAGAZIJUTO neno kwa neno, katika 10 − 3 + 2 atajumlisha 3 na 2 kwanza, apate 5, kisha atoe 5 katika 10, na jibu lake litakuwa 5. Kompyuta husoma kutoka kushoto kwenda kulia, hupata 7, kisha 9. Kompyuta ndiyo yenye haki hapa, kwa kuwa alama ya kutoa ni ya 3 peke yake. Katika kugawanya na kuzidisha kanuni ya MAGAZIJUTO haileti madhara hayo, maana 12 × 6 ÷ 3 ni 24 kwa njia zote mbili. Lakini lugha nyingine za kompyuta zikigawanya namba kamili hutupa baki, na hapo mfuatano una uzito: 7 × 2 ÷ 4 huwa 3 ukianza kushoto, na huwa sifuri ukianza kugawanya.

Jambo la pili ni kipeo, ambacho hakimo katika neno hilo. Kipeo hutangulia kuzidisha na kugawanya, na alama yake hubadilika kutoka lugha hadi lugha. Katika lugha ya Python, inayotumiwa sana na watafiti, 5 kipeo cha 2 huandikwa 5**2 na huleta 25. Anayeandika 5^2, kama ilivyo katika majedwali ya Excel, hapewi onyo. Hupewa 7, kwa kuwa katika Python alama hiyo ni ya tendo jingine kabisa linalolinganisha namba mbili zilizoandikwa kwa tarakimu za 0 na 1. Penye desimali kosa hilo hujitangaza. Penye namba kamili hunyamaza.

Jambo la tatu ni alama ya hasi. Python ikisoma -3**2 huchukua kipeo kwanza na kutoa −9. Excel ikisoma -3^2 hulishika hasi kwanza na kutoa 9. Maandishi ni karibu yale yale, na majibu ni kinyume. Katika kanuni ya mbu hasi inasimama mbele ya logi, na njia salama ni kuitia pamoja na logi yake ndani ya mabano, hata pale ambapo mashine isingeyadai.

Fundo linalofuata ni neno logi lenyewe. Wanahisabati wana logi za vizio mbalimbali. Mbili zitumikazo zaidi ni ile ya kizio cha 10 na ile ya asili, ambayo huandikwa ln. Katika Python jina log ni la logi ya asili. Katika Excel jina LOG, lisipoongezwa neno, ni la kizio cha 10, na ya asili huitwa LN. Mtu aliyeihamisha kanuni kutoka programu hadi jedwali huku akilichukua jina lilivyo, atapata 3.429 badala ya 1.489. Hapa mfasiri amekutana na kile ambacho wafasiri wa lugha za watu hukiita marafiki wa uongo: neno lililo sawa kwa sura katika lugha mbili, lakini maana zake ni mbali.

Baada ya kuyaona mafundo, yafaa kueleza mashine yenyewe inavyofanya tafsiri. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa lugha ya FORTRAN, iliyotungwa na kundi la John Backus. Jina hilo limefupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya tafsiri ya kanuni, na makusudi yake yalikuwa ni kumwezesha mtu kuandika kanuni karibu na ilivyo kitabuni, ili mashine yenyewe izigeuze kuwa amri. Mwanamantiki wa Poland, Jan Łukasiewicz, alikuwa ameonyesha katika miaka ya 1920 kwamba alama za matendo zikitangulizwa mbele ya vitu vyake, mabano hayahitajiki tena. Na mwaka 1961 Edsger Dijkstra wa Uholanzi alieleza njia ya kuzipanga alama za kanuni kwa mfano wa stesheni ya reli: namba hupita moja kwa moja kama mabehewa yaendayo safari, na alama za matendo huwekwa kando katika njia ya pembeni mpaka zamu yake ifike.

Matokeo ya kazi hiyo ni mti. Kanuni ya Garrett-Jones ikichanganuliwa, juu kabisa husimama tendo la kugawanya. Tawi la kushoto ni kuzidisha, lenye vijitawi vitatu: m, kipeo cha a na 2, na kipeo cha p na n. Tawi la kulia ni hasi, na chini yake logi, na chini ya logi p. Mwanafunzi wa sarufi hatashangaa, kwa kuwa huo ndio mchoro wa matawi ambao kwao sentensi ya Kiswahili huchanganuliwa katika kirai nomino na kirai kitenzi. Mti ukishapatikana, mabano hayana kazi tena, kwa maana umbo lenyewe limekwisha kusema ni kipi ni cha nani. Kilichobaki ni kuupitia kutoka majanini hadi shinani, na katika kila kifundo kuandika amri moja. Mti mmoja waweza kuandikwa katika Python, katika FORTRAN au katika lugha nyingine, kila moja kwa alama zake, nayo maana isibadilike. Kwa Python huwa hivi:

C = m * a**2 * p**n / (-log(p))

Ziko programu zinazoushika mti huo kabla haujawa tarakimu, zikaufanyia kazi kama mwanahisabati aufanyiavyo kwa kalamu. Mojawapo ni SymPy, iliyoandikwa kwa Python na inayopatikana bila malipo. Ilianzishwa na Ondřej Čertík katika miaka ya 2000. Ndani yake p ni alama tu, haina thamani, na mtu aweza kuiagiza itafute jinsi C inavyobadilika p inapobadilika. SymPy huleta kanuni mpya yenye logi ya p mahali kadhaa. Kisha kwa amri iitwayo lambdify huigeuza kanuni hiyo kuwa programu ya kupokea tarakimu. Ikiagizwa, huweza pia kuona kwamba logi ya p imerudiwa, ikaikokotoa mara moja na kulitumia jibu kila inapohitajika. Faida ya utaratibu huu ni kwamba mkono wa mwanadamu unanakili kanuni moja tu, ya mwanzo. Zile zinazozaliwa nayo huzaliwa ndani ya mashine, na hakuna nafasi ya kudondosha hasi au kusahau kipeo.

Na kanuni iliyotafsiriwa vema husema jambo la manufaa. Katika mfano uliotajwa, idadi ya mbu ikipunguzwa kwa nusu, C nayo hupungua kwa nusu, yaani 0.745. Wakiumwa watu mara chache kwa nusu, kama pale mbu anapozuiwa na chandarua na nyavu za madirisha, C huwa robo, yaani 0.372. Lakini uwezekano wa mbu kuishi siku moja ukishuka kutoka 0.9 hadi 0.8 tu, C huanguka mpaka 0.217, karibu sehemu moja ya saba. Ndiyo sababu Macdonald alisisitiza sana umri wa mbu. Anayetia dawa dimbwini Kurasini anaipunguza m. Anayetundika chandarua anaigusa a, na chandarua chenye dawa huigusa p pia. Mpango wa mji unaopaswa kugawa fedha kidogo kati ya njia hizo unahitaji kanuni iliyo sahihi, maana 1.489, 0.447 na 7.446 huelekeza fedha mahali mbalimbali.

Hata tafsiri iliyo sahihi ina mipaka yake. Kanuni ya alama huihifadhi theluthi kama theluthi. Kompyuta inapoigeuza kuwa desimali huikata mahali fulani, na kwa sababu hiyo 0.1 ikijumlishwa na 0.2 katika Python huleta 0.30000000000000004. Tena p ikiwa 1, logi yake ni sifuri, na mashine huambiwa igawanye kwa sifuri. Mwanahisabati hakuandika onyo hilo kwa kuwa alijua hakuna mbu asiyekufa. Programu hailijui hilo, na yapasa iambiwe kwamba p ni zaidi ya 0 na chini ya 1.

Kutokana na hayo yote, kinga ya mfasiri ni mbili. Ya kwanza ni kuijaribu programu kwa tarakimu ambazo jibu lake limekwisha kupatikana kwa mkono, kama ilivyofanywa hapa kwa 1.489. Ya pili ni kuisoma kanuni kwa sauti, kwa maneno kamili, kabla ya kuiandika: idadi ya mbu kwa kila mtu, mara kipeo cha pili cha mara ambazo mbu mmoja huuma watu kwa siku, mara uwezekano wa kuishi siku moja kwa kipeo cha siku za kukomaa kwa vimelea, vyote vigawanywe kwa hasi ya logi ya asili ya uwezekano huo. Anayeweza kuisema hivyo bila kusita ameuona mti wake. Anayesita, mahali aliposita ndipo penye kosa lijalo.

Hapo kazi ya wanaisimu inakutana na kazi ya wanahisabati. Mwanafunzi wa Tanzania huanza kwa MAGAZIJUTO, na akiingia sekondari hukutana na BODMAS, neno la Kiingereza lenye mpango ule ule isipokuwa herufi moja ya nyongeza. Msamiati wa kuisoma kanuni kwa Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho upo kwa sehemu kubwa: kipeo, mabano, zao, kizio, hasi. Unachohitaji ni kutumiwa pamoja, katika sentensi nzima, na watu wanaohesabu mbu wa Temeke na Kinondoni pamoja na wale wanaowaandikia programu.